Bustani ya Mwezi wa Tisa: Majira, Maji na Kanisa katika Milima ya Chome

Utangulizi

Vitabu vya usharika huhifadhi majina ya waliobatizwa, waliopokea Kipaimara, waliofunga ndoa na waliolala katika Bwana. Kumbukumbu za Baraza la Wazee nazo hutueleza ni lini bati lilinunuliwa, na ni nani aliyetoa mbao za madhabahu. Hayo yote yana mahali pake katika kitabu hiki cha miaka mia moja, na wenzangu wameyaandika kwa uangalifu. Mimi nimeombwa kuandika juu ya jambo ambalo halikuandikwa katika daftari lolote, nalo ni bustani za mboga za mama zetu, zile zinazopandwa baridi inapoondoka mlimani.

Huenda mgeni wetu kutoka dayosisi akajiuliza kama kabichi na viazi vina nafasi katika historia ya Kanisa. Naamini vinayo. Injili ilipofika katika milima hii ilikuja pamoja na mbegu, na pia na kalenda ya nchi nyingine. Mbegu zilishika mizizi mapema. Kalenda ilichelewa, na mimi nasema hata leo haijakaa sawasawa. Waliozipatanisha mbegu hizo na majira ya Chome hawakuwa wachungaji wala wamisionari, bali wanawake waliolima nyuma ya nyumba zao.

Nchi na majira yake

Mji wa Same uko chini kidogo ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, kilicho juu yetu na juu ya milima yote ya Upare, kina urefu wa takribani mita 2,460. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takribani nusu digrii au zaidi kwa kila mita mia moja mtu anazopanda, anayetoka stesheni ya Same kwa shati jepesi atatafuta sweta kabla hajafika kwetu. Wanaoishi bondeni hutuita watu wa ukungu, nasi hatuna cha kukanusha.

Mvua zetu ni mbili. Masika huanza Machi na kwisha Mei. Vuli huanza Oktoba, pengine mwishoni mwake, na kuendelea hadi Desemba. Katikati yake, Juni hadi Agosti, ndiyo baridi. Sisi hatuna theluji, wala adui yetu si barafu kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Ulaya. Adui zetu ni ukungu usiofumuka mpaka saa sita mchana na udongo uliolala baridi. Harage likitiwa katika udongo wa namna hiyo huoza kabla ya kuchipua. Mche wa kabichi hubaki hai, lakini hukaa wiki nyingi bila kuongeza jani. Kiazi mviringo hustahimili baridi, ila ukungu wa mfululizo humletea mkulima bakajani, na shamba la kijani huweza kuwa jeusi kabla ya juma kwisha.

Basi ipo siku, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, ambapo jua huanza kutoka mapema na udongo hupata uvuguvugu. Mvua ya vuli bado haijaja, na itakawia wiki sita au zaidi. Mwenye maji katika kipindi hicho hupanda, na asiye nayo hungoja. Mwenye kupanda Septemba atakula mboga mwezi wa Novemba na Desemba, wakati akiba ya mahindi imepungua na mazao ya vuli hayajakomaa. Kwa hiyo bustani hiyo ndogo ndiyo iliyoivusha nyumba katika miezi ya upungufu.

Ndiva na msaragambo

Maji ya Septemba hayakutoka mawinguni. Yalitoka katika ndiva. Kwa ajili ya wageni nieleze kwamba ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwa udongo na mawe, siku hizi na saruji pia, mahali ambapo mfereji kutoka kijito cha mlimani unaweza kuingia. Kijito cha wakati wa kiangazi kina maji machache mno. Ukiyaacha yatiririke moja kwa moja, yatanyonywa na udongo kabla ya kufika tuta la mwisho. Ndiva hukusanya maji hayo usiku kucha. Alfajiri kizibo hufunguliwa, na maji hutoka kwa nguvu ya kutosha kufika mbali kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo hekima yote ya ndiva: kuyafanya maji madogo ya saa nyingi kuwa maji makubwa ya saa chache.

Wazee wetu walikuwa na ufundi huu kabla ya kuja kwa Wajerumani. Ndiva nyingi zilichimbwa na koo, na kila mwenye shamba alikuwa na zamu yake. Kazi ya kuzibua tope na kuimarisha kingo ilifanywa kwa msaragambo, ambao ni kazi ya pamoja isiyolipwa, ambayo asiyefika alitozwa faini na kuona aibu. Wanafunzi wa historia wanaijua Upare kwa maandishi ya Profesa Isaria Kimambo, aliyechapisha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969. Mimi nasema kwamba ndiva nazo zilikuwa siasa, kwa maana ziliwafundisha watu kukaa pamoja, kugawana kilicho kichache na kumhukumu aliyeiba zamu ya jirani.

Zilifundisha pia kwamba mlima na bonde ni kitu kimoja. Kati ya Vudee, iliyo juu, na Bangalala, iliyo chini yake, yalikuwako mapatano ya siku nyingi kwamba wa juu watumie maji mchana, na usiku wayaachie yashuke kwa wa chini, nao wayahifadhi katika ndiva yao. Mapatano hayo hayakuandikwa na hakimu. Yalisimama kwa sababu kila upande ulijua kwamba mwenzake atalala njaa.

Mbegu ngeni na kalenda ngeni

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi huko Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Mwaka 1900 walifungua kituo Shigatini, Upare Kaskazini. Mwaka 1903 Waadventista Wasabato nao walianza kazi Upare Kusini, huko Giti, na ndugu zetu hao wamekuwa majirani wa Walutheri katika milima hii tangu wakati huo. Mwaka 1908 mmisionari Jakob Janson Dannholz alianza kituo cha Mbaga. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, njia ya mizigo ilikuwa imefunguka, na mbegu zilizofungwa katika karatasi ziliweza kusafiri kwa urahisi zaidi kuliko hapo kwanza.

Tusidhani kwamba mababu zetu walikuwa hawana mboga. Walikuwa na mchicha, mnavu, majani ya kunde na majani ya maboga. Mahindi na maharage, ambayo leo tunayapika makande na kuyaita chakula cha asili yetu, asili yake ni bara la Amerika, nayo yalikuwa yamekwisha kupokelewa muda mrefu kabla ya wamisionari. Ila kabichi, karoti na viazi mviringo vilienea hapa katika nyakati za Wazungu. Kiazi chenyewe kilitoka katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini, kikapita Ulaya, ndipo kikaletwa kwetu. Kilipofika Chome kilikuta baridi kama ya kwao, kikatulia.

Kumpenda Mungu na kupenda bustani havikuwa vitu viwili kwa Walutheri wa kwanza. Dk. Martin Luther, katika miaka ya 1520, alimwandikia rafiki yake Wenzeslaus Link wa mji wa Nuremberg akimwomba ampelekee mbegu za bustani yake. Mkewe, Katharina von Bora, ndiye aliyesimamia bustani, mifugo na shamba, na kwa kazi yake nyumba ile ya Wittenberg iliyojaa wanafunzi na wageni iliweza kula. Nikisoma habari za mama huyu huwaona wake wa wainjilisti wa milima yetu, waliopokea wageni wa Kanisa bila mshahara na bila taarifa, wakawalisha kutoka katika matuta yao.

Lakini mbegu huja na maelezo yake. Mkulima wa Ujerumani hufundishwa tangu utoto kwamba asipande mboga laini nje kabla ya katikati ya Mei. Wao huzihesabu siku za tarehe 11 hadi 15 Mei kuwa ni za watakatifu wa barafu, kuanzia Mamertus hadi Sophie, na baada ya hapo ndipo huamini kwamba baridi ya usiku imekwisha. Kwetu Chome mambo ni kinyume: katikati ya Mei masika yanakwisha na baridi ndiyo inaanza. Aliyefuata kalenda ya Leipzig alipanda wakati mbaya kuliko wakati wote wa mwaka.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kalenda ya ibada. Huko Ulaya Pasaka huja pamoja na machipuko, na nyimbo nyingi za zamani zinaufananisha ufufuo na nchi inayoamka kutoka usingizi wa theluji. Kwetu Pasaka huangukia masika, wakati njia zinateleza na watu wamechoka kwa palizi. Shukrani ya mavuno katika makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani hufanyika karibu na sikukuu ya Malaika Mikaeli, 29 Septemba, wakati ghala zimejaa. Kwetu siku hizo mbegu ndiyo kwanza imeingia ardhini.

Kosa la mchungaji kijana

Hapa sina budi kutoa ushuhuda juu yangu mwenyewe. Nilipotoka chuo cha theolojia nilipangiwa usharika mmoja wa milimani. Kwa bidii ya ujana nilitangaza Sikukuu ya Mavuno katika Jumapili ya kwanza ya Oktoba, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nimesoma vitabuni. Watu walikuja. Walileta maharage machache ya Julai, ndizi na kuku wawili. Nilihubiri nikawakemea kwa utoaji hafifu.

Baada ya ibada mama mmoja mzee, mshiriki wa siku nyingi, alinisubiri mlangoni. Alinisalimu kwa heshima yote, kisha akasema, “Baba Mchungaji, utusamehe. Umetuita wakati tumekwisha kutoa vyote kwa udongo. Ungalituambia tulete mbegu uziombee, tungalijaza kanisa.” Nilikosa jibu. Mwaka uliofuata tuliziombea mbegu mwishoni mwa Agosti, na mavuno tukayapeleka mwezi wa Februari, baada ya vuli. Sadaka ilikuwa tofauti sana, ila jambo lililonigusa zaidi ni kwamba watu walikuwa na furaha.

Toka siku ile nimejiuliza ni mambo mangapi Kanisa liliyapitisha juu ya vichwa vya watu kwa sababu tu hatukuwauliza wenye majembe. Kabla ya Injili, majira haya yalikuwa na walinzi wake. Mbaga ilisifika kwa waganga wa mvua. Misitu midogo ya koo ililindwa kwa miiko, na chemchemi zilizokuwa ndani yake hazikuguswa. Dannholz alijifunza imani hizo kwa makini na kuziandika katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1916, akiwaona watu wetu kuwa wako chini ya hofu ya mizimu. Kwa habari ya hofu hiyo nakubaliana naye, na sitamani irudi. Kyumbi waliyemtaja wazee wetu kuwa Muumba tumemjua kuwa Baba katika Kristo. Ila tulipoiondoa miiko hatukuweka kitu mahali pake. Tuliwaambia watu kwamba chemchemi haina mzimu, lakini hatukuwaambia kwa sauti ile ile kwamba chemchemi ni ya Bwana. Waliosikia sehemu ya kwanza peke yake walichukua shoka.

Mikono ya mama zetu

Nilizaliwa miaka michache kabla ya Uhuru, na mwalimu wangu wa kwanza wa majira alikuwa mama. Mwishoni mwa Agosti alikuwa akiinama asubuhi na kugusa udongo kwa mgongo wa kiganja. Ukimchoma kwa baridi alisema, “Bado umelala.” Siku alipouona umepata joto, kazi ilianza.

Kitalu cha kabichi kilitangulia, mahali palipokingwa na upepo, katika udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Kila jioni alikifunika kwa majani ya migomba na kila asubuhi alikifunua ili kipate jua. Miche ilikaa humo kama mwezi mmoja, ndipo ikahamishiwa kwenye matuta jioni jua likipungua, kila mche umbali wa hatua fupi kutoka kwa mwenzake. Kuzunguka mashina alinyunyiza majivu kuzuia sota, yule funza anayekata mche usiku na kukuacha asubuhi ukitazama safu ya vijiti. Karoti hakuzihamisha kamwe. Zilipandwa mahali pake pa kudumu. Viazi vya mbegu alikuwa amevitandaza chini ya uvungu tangu Julai hadi vikatoa macho, naye hakupanda viazi katika tuta lile lile lililokuwa na viazi mwaka uliotangulia. Hakujua neno mzunguko wa mazao, lakini alijua kwamba ugonjwa hukaa ardhini ukimngoja mwenyeji wake. Maharage alikuwa wa mwisho kuyatia, ardhi ilipokwisha kupata joto kamili.

Siku ya zamu ya ndiva tuliamshwa kabla ya jogoo wa pili. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuziba na kufungua vijito kwa tope na majani, maji yaende tuta kwa tuta. Aliyelala na kuyaacha yapite alisikia habari yake mpaka jioni.

Bustani hizi ziliwahi kubeba mzigo mkubwa kuliko mboga. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare walikwenda Same kupinga kodi mpya ya makadirio iliyoitwa mbiru, wakakaa huko kwa muda mrefu, na mgogoro uliendelea hadi mwaka 1947. Historia huwataja waliokaa Same, na ni haki. Waliobaki milimani wakilima, wakimwagilia zamu za waume zao na kuwapelekea chakula walikuwa wanawake, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliwakabili wakubwa wa serikali wakidai waume zao warudi na jambo liishe. Mgomo ule uliosifika kwa kutomwaga damu ulilishwa kutoka katika matuta yaliyolimwa na wake.

Miaka ya karibu

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963, na Dayosisi ya Pare ikaanzishwa mwaka 1975. Katika miaka hiyo na iliyofuata bustani ya nyumbani ilianza kugeuka kuwa shamba la biashara. Kabichi na viazi vilitafutwa na miji ya tambarare. Fedha ya mboga imesomesha watoto wengi, na mimi ni wa mwisho kuidharau. Lakini ilileta pia madawa ya kunyunyizia, mipira ya kuvuta maji usiku na mchana, na matuta yaliyopanda mteremkoni hadi kwenye kingo za vijito. Maji yanayotumika juu saa zote hayashuki tena usiku. Jirani wa bondeni, ambaye nchi yake hupata mvua kidogo mno, huikuta ndiva yake ikiwa na tope tu.

Juu yetu uko msitu. Serikali ya wakoloni iliutangaza kuwa hifadhi mwaka 1951, nao una zaidi ya hekta 14,000. Baadaye ulipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome. Ndani yake yuko ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye makao yake duniani kote ni milima hii ya Upare Kusini. Imo pia miti ya mkulo, iliyokatwa kwa siri kwa miaka mingi kwa sababu ya mbao zake nzuri. Ukungu ambao watu wa bondeni hututania nao hunaswa na majani ya msitu huo, ukadondoka, ukawa chemchemi. Mkulo ukianguka, tuta la kabichi la mwezi wa tisa limepungukiwa maji, hata kama aliyelilima hakusikia mlio wa msumeno.

Wazee wenzangu wanasema vuli siku hizi haisemi ukweli. Mwaka mmoja huchelewa hadi Novemba, mwaka mwingine huja kwa gharika na kubeba matuta. Vijana wengi wako Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Siku ya msaragambo huwahesabu wazee na akina mama, na ndiva kadhaa zina nyasi katikati.

Hitimisho

Baada ya gharika Nuhu alipewa ahadi kwamba nyakati za kutia mbegu na za kukusanya, za baridi na za joto, hazitakoma maadamu dunia ipo. Ahadi hiyo ni ya Mungu, naye hatabadilika. Lakini ahadi haikusema kwamba Mungu atazibua tope la ndiva kwa niaba yetu.

Kwa hiyo, pamoja na shukrani kwa miaka mia moja, nathubutu kuliomba Baraza la Wazee mambo matatu. La kwanza, ibada ya kuombea mbegu mwishoni mwa Agosti iwekwe katika kalenda ya usharika wetu kwa kudumu, na Sikukuu ya Mavuno ifuate mavuno ya Chome. La pili, Jumamosi inayotangulia ibada hiyo iwe siku ya msaragambo wa ndiva, na mchungaji awe wa kwanza kufika na jembe lake. Watoto wetu walioko mijini wanaokuja kwa harusi na misiba waalikwe pia kwa tope. La tatu, tuwatembelee ndugu zetu wa bondeni, wa Kanisa letu na wa makanisa mengine, na Waislamu pia, tukae nao kitako tuyarudishe mapatano ya usiku na mchana, kabla watoto wao na wetu hawajakutana mfereji kwa mfereji wakiwa na mapanga.

Mama yangu amelala katika Bwana. Bustani yake inalimwa na mkwewe, ambaye naye nilimwona mwaka jana, asubuhi yenye ukungu, ameinama akigusa udongo kwa mgongo wa kiganja. Nilimwuliza, “Mama, vipi?” Akajibu, “Bado kidogo, baba. Lakini ndiva tuizibue wiki hii.”